Mwenye Mtelezo Asijikague Mwenyewe

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona ukurasa huu ukizungumzia mahali pa kuogelea, tena pa Wamarekani. Wanayo haki ya kushangaa. Bustani za michezo ya maji hazihesabiwi miongoni mwa mambo mazito ya dunia. Watu huenda huko kupoza miili wakati wa joto, watoto hupiga kelele kutwa, na jioni familia hurudi nyumbani zimechoka. Lakini katika historia ya bustani moja ya namna hiyo, iitwayo Schlitterbahn, limo swali linalomhusu kila mtumishi wa umma anayetia saini cheti cha ukaguzi, na kila mwalimu anayewapandisha wanafunzi basi kwa safari ya siku moja. Swali lenyewe ni hili: kitu kinachobeba roho za watu kikaguliwe na nani?

Tuanze na asili yake, maana asili yake ni njema.

Katika jimbo la Texas, kati ya miji ya San Antonio na Austin, upo mji wa New Braunfels. Uliasisiwa mwaka 1845 na walowezi wa Kijerumani walioongozwa na mwanamfalme Carl wa Solms-Braunfels. Waliuchagua mahali hapo kwa sababu ya maji. Chemchemi za Comal, ambazo ndizo kubwa kuliko zote katika Texas, hububujika kutoka katika miamba ya chokaa na kuunda mto ambao hauzidi kilomita nne na nusu kwa urefu kabla ya kuungana na mto mkubwa zaidi wa Guadalupe. Maji hayo huwa na joto la nyuzi 23 hivi za sentigredi, kiangazi na kipupwe. Kwa vizazi vingi wenyeji waliyatumia kusagia nafaka, na baadaye kuzalishia umeme. Vijana nao waligundua matumizi mengine: kukaa juu ya tyubu ya gurudumu la lori na kujiachia mto uwachukue.

Mwaka 1966 Bob Henry na mkewe Billye walinunua nyumba za kupangisha wageni kando ya mto huo, zilizojulikana kama Landa. Wageni walikuja kwa ajili ya mto, na familia ya Henry, pamoja na watoto wao watatu, iliwahudumia. Mwaka 1979 wakafungua hapo bustani ya michezo ya maji na kuiita Schlitterbahn, jina lenye sauti ya Kijerumani lililokusudiwa kumaanisha njia ya utelezi. Walijenga mnara kwa kuiga ule wa ngome ya ukoo wa Solms huko Ujerumani, na kutoka hapo ikashuka mitelezo, yaani mifereji mirefu ambayo mtu huteleza ndani yake pamoja na maji.

Yafaa ikumbukwe kwamba hawakuwa wa kwanza katika kazi hiyo. Mwaka 1969 huko Tempe, Arizona, lilikuwa limefunguliwa bwawa lenye mitambo ya kutengeneza mawimbi, lililoitwa Big Surf, ili watu wa jangwani nao wajue bahari ikoje. Mwaka 1977 George Millay, ambaye awali alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa SeaWorld, alifungua Wet 'n Wild mjini Orlando, Florida, na wengi humhesabu yeye kuwa baba wa bustani hizi zote. Wet 'n Wild ilidumu hadi siku ya mwisho ya mwaka 2016. Lakini Schlitterbahn ilikuwa na jambo ambalo wengine hawakuwa nalo. Katika sehemu yake ya kale maji hayakuzungushwa na kutiwa dawa kama katika mabwawa ya kawaida. Yalichukuliwa mtoni, yakapandishwa, yakashuka na watu mifereji iliyofuata mteremko wa ardhi katikati ya miti mikubwa, kisha yakarudi mtoni kuendelea na safari yake. Mtu alitoka kwenye mfereji wa saruji akajikuta yumo ndani ya mto wenyewe. Familia ziliruhusiwa kuja na vyakula vyao na kula chini ya vivuli. Katika biashara ambayo kwa kawaida humkamua mgeni hadi senti ya mwisho, hilo lilikuwa jambo la kusifiwa, nasi tunalisifu bila kusita.

Mto nao ulikuwa na masharti yake. Wakati wa ukame mkubwa wa miaka ya 1950, chemchemi za Comal zilikauka kabisa kwa miezi kadhaa ya mwaka 1956, na aina moja ya samaki wadogo wanaoishi katika maji hayo ikatoweka humo hata ikabidi kurudishwa miaka ya 1970 kutoka chemchemi za jirani. Baadaye, miji na mashamba yalipozidi kuchimba visima katika hazina hiyohiyo ya maji ya chini ya ardhi, watetezi wa mazingira walikwenda mahakamani wakitumia sheria ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 1993 Bunge la jimbo la Texas likaunda mamlaka maalumu ya kusimamia uchotaji wa maji hayo. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Katika suala la maji, watu wa Texas, ambao hawapendi sana kuingiliwa na serikali, walikubali hatimaye kwamba mwenye kisima hawezi kuwa ndiye pekee anayeamua achote kiasi gani. Katika suala la usalama wa mitelezo, majimbo mengi ya nchi ile hayakufika mbali kiasi hicho.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ubunifu, na katika ubunifu huo jina linalotajwa zaidi ni la mtoto wa familia, Jeff Henry. Mwaka 1991 bustani ilianza kutumia mtambo wa wimbi lisilosogea, ambapo maji mengi hurushwa kwa kasi juu ya mteremko uliotandikwa sponji, na mchezaji hubaki juu ya ubao wake mahali pamoja kana kwamba yumo baharini. Mwaka 1994 ukafuata mtelezo uliopanda mlima. Kabla ya hapo mtelezo wa maji ulijua njia moja tu, ya kushuka. Henry na wenzake waliweka midomo ya pampu zenye nguvu kubwa inayosukuma boti ya mpira juu ya kilima, ikashuka, ikapandishwa tena, kama gari moshi la mchezo. Mtambo mkubwa zaidi wa aina hiyo, ulioitwa Master Blaster, ulifunguliwa mwaka 1996, na teknolojia hiyo ikanunuliwa na kuenea katika bustani za nchi nyingi. Tangu mwaka 1998 gazeti moja la wenye biashara hiyo liliipa Schlitterbahn tuzo ya bustani bora ya maji kwa miaka mingi mfululizo. Sifa hiyo haikutokana na matangazo matupu. Watu wale walikuwa mafundi kweli.

Jeff Henry hakuwa na shahada ya uhandisi. Hatumlaumu mtu kwa kukosa shahada. Vitu vingi vyenye manufaa vimetengenezwa na watu waliojifunza kwa mikono yao, na sisi tuliokaa katika madarasa ya Chuo Kikuu hatuna haki ya kuwadharau. Alijifunza kwa kujenga, kujaribu, kubomoa na kujenga upya. Mtelezo wa mita kumi huvumilia njia hiyo ya kujifunza, kwani ukikosewa, mtu huchubuka goti. Lakini kuna kimo ambacho kikishavukwa, jaribio linalokosewa huua.

Kampuni ikapanuka. Ilifungua bustani katika kisiwa cha South Padre mwaka 2001, huko Galveston mwaka 2006, na mwaka 2009 ikatoka nje ya Texas na kwenda Kansas City, katika jimbo la Kansas. Huko mpango wa awali ulikuwa na hoteli na maduka, lakini uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na sehemu kubwa ya mpango huo haikujengwa. Na ni huko, tarehe 10 Julai 2014, ulikofunguliwa mtelezo ulioitwa Verrückt. Neno hilo la Kijerumani maana yake ni wazimu.

Verrückt ulikuwa na kimo cha zaidi ya mita 51, na kitabu cha Guinness kiliuandika kuwa mtelezo wa maji mrefu kuliko yote duniani. Watu watatu waliketi wakifuatana katika boti moja ya mpira. Walishuka karibu wima, kisha wakasukumwa kupanda kilima cha pili, ndipo wakashuka hadi chini. Uzito wao kwa pamoja ulitakiwa uwe kati ya kilo 181 na 249. Walifungwa kwa mikanda ya kunata, ya kitambaa. Juu ya kilima cha pili palikuwa na matao ya chuma yaliyoshikilia wavu, ili boti ikiruka isitoke nje.

Mwalimu yeyote wa fizikia aweza kuifanya hesabu hii ubaoni. Kitu kikishuka mita 51 bila msuguano hufika chini kikiwa na mwendo wa karibu mita 32 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Mpaka hapo hakuna kisichojulikana. Tatizo liko mbele, penye kilima cha pili. Mwendo ukiwa mkubwa na mgongo wa kilima ukiwa mkali, uzito wa boti hautoshi kuilazimisha iufuate mgongo huo. Huiacha njia na kwenda hewani. Kipimo chake kinajulikana tangu siku za Newton: zidisha mwendo kwa mwendo wenyewe, gawanya kwa nusu kipenyo cha mgongo wa kilima, na jibu likizidi 9.8 boti itaruka. Wakati wa majaribio, boti zilizopakiwa mifuko ya mchanga ziliruka kweli. Sehemu kubwa ya mtelezo ikabomolewa na kujengwa upya, na siku ya ufunguzi ikaahirishwa zaidi ya mara moja. Haya yote yalifahamika hadharani kabla ya mwananchi wa kwanza kupanda. Wavu ule na matao yale yenyewe yalikuwa ushahidi: mtu hafuniki njia kwa wavu kama ana hakika kwamba chombo hakiwezi kuiacha njia.

Tarehe 7 Agosti 2016 ilikuwa Jumapili, na bustani ilikuwa imewaalika wabunge wa jimbo la Kansas na jamaa zao kuingia bila malipo. Mtoto wa mbunge mmoja, mvulana wa miaka 10, aliketi mbele katika boti pamoja na wanawake wawili ambao hakuwajua. Penye kilima cha pili boti iliruka. Mtoto akagonga tao la chuma, akafa papo hapo. Wanawake wale waliumia usoni. Hatutasema zaidi juu ya kifo hicho, kwa heshima ya wazazi.

Hapa ndipo linapokuja swali letu. Je, Verrückt ulikuwa haukukaguliwa? Ulikaguliwa. Sheria ya Kansas ya wakati ule ilitaka michezo ya aina hiyo ikaguliwe kila mwaka, na kwa mujibu wa karatasi ilikaguliwa. Lakini kwa bustani za kudumu sheria iliruhusu ukaguzi huo ufanywe na mtu wa bustani yenyewe au aliyekodiwa nayo. Kazi ya serikali ya jimbo ilikuwa kupitia kumbukumbu za ukaguzi mara kwa mara, tena kwa kuchagua baadhi tu ya mahali. Mara ya mwisho kumbukumbu za Schlitterbahn kupitiwa na Idara ya Kazi ya Kansas ilikuwa Juni 2012, wakati Verrückt ulikuwa haujajengwa. Kwa hiyo mtelezo mrefu kuliko yote duniani ulifanya kazi kwa misimu mitatu pasipo ofisa hata mmoja wa umma kuulizwa kama kilima kile kinafaa.

Lawama si ya Kansas peke yake. Mwaka 1981 Bunge la Marekani liliinyang'anya tume ya taifa ya usalama wa bidhaa mamlaka juu ya michezo iliyojengwa mahali pa kudumu. Tume ikabaki na mamlaka juu ya michezo inayohamahama na maonyesho tu. Yaani bembea inayofungwa leo na kufunguliwa kesho katika kiwanja cha sabasaba ingekuwa chini ya tume, lakini mnara wa mita 51 uliomwagiwa zege ungeachwa kwa jimbo, na jimbo likauacha kwa mwenyewe. Sisi tumeutafakari mpangilio huo na hatujaona mantiki yake, ila mantiki ya wale walioomba uwe hivyo.

Kuna watakaosema kwamba mkaguzi wa serikali naye huchelewa, hupokea rushwa, na hajui ufundi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na msomaji aliyewahi kusubiri cheti mezani kwa ofisa anajua ina ukweli ndani yake. Lakini tutazame mfano wa jimbo la New Jersey. Huko kulikuwa na bustani iliyoitwa Action Park, iliyofanya kazi tangu 1978 hadi 1996 na kupoteza maisha ya watu wasiopungua sita; hakuna atakayesema kwamba serikali ya New Jersey iliisimamia vema. Hata hivyo, mwaka 1985 bustani hiyo ilipofungua mtelezo uliokuwa na kitanzi kizima, mtu azunguke kichwa chini miguu juu, bodi ya jimbo inayohusika na michezo hiyo iliufunga baada ya muda mfupi. Mkaguzi dhaifu wa nje alizuia jambo ambalo mwenye mali asingelizuia, kwa kuwa hakuwa amewekeza humo hata senti moja, wala hakuwa amewatangazia watu siku ya ufunguzi.

Mwezi Machi 2018 Jeff Henry, msanifu mwenzake John Schooley, pamoja na kampuni, walifunguliwa mashtaka makubwa huko Kansas. Hati ya mashtaka ilidai kwamba wasanifu hawakuwa na ujuzi wa kihandisi uliohitajika, kwamba wazo la mtelezo lilizaliwa mwaka 2012 kwa haraka ya kuwafurahisha watengenezaji wa kipindi cha televisheni, na kwamba watu zaidi ya kumi walikuwa wameumia kabla ya kifo. Mwezi Februari 2019 jaji aliyafuta mashtaka hayo, kwa sababu baraza la raia lililoyaidhinisha lilikuwa limeonyeshwa ushahidi usiofaa, ukiwamo mkanda wa kipindi hichohicho cha televisheni kilichotiwa chumvi. Kwa hiyo hakuna mtu aliyepatikana na hatia, na haki inatudai tuliseme hilo waziwazi. Familia ya mtoto ilikuwa imekwisha kulipwa fidia ya karibu dola milioni 20 na kampuni zilizohusika.

Lakini ubovu wa mashtaka hauufanyi mpangilio wa ukaguzi kuwa mzuri. Mahakama inauliza nani ana hatia. Mtunga sheria anapaswa kuuliza ni pengo gani liliachwa wazi. Bunge la Kansas, ambalo safari hii lilikuwa limefiwa na mtoto wa mmoja wake, lilijibu upesi. Mwaka 2017 likapitisha sheria inayotaka ukaguzi wa kila mwaka ufanywe na wakaguzi wenye sifa zilizotajwa, na majeraha makubwa yaripotiwe serikalini. Ukaguzi uliofanywa chini ya utaratibu huo mwaka 2018 uliikuta bustani hiyohiyo ina dosari kadhaa za kumbukumbu na maelekezo ya usalama. Ni vigumu kutojiuliza kama sheria ingepita upesi namna ile endapo mtoto yule angekuwa wa mchukuzi wa mizigo.

Verrückt ulibomolewa mwishoni mwa mwaka 2018, na bustani ya Kansas City haikufunguliwa tena baada ya msimu huo. Mwaka 2019 familia ya Henry iliuza bustani za New Braunfels na Galveston kwa kampuni ya Cedar Fair kwa dola milioni 261. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu mnara wa kwanza usimamishwe kando ya mto Comal, na zaidi ya 50 tangu Bob na Billye wanunue nyumba zile za wageni. Sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa ya kuwafurahisha watu, na iliwafurahisha.

Tunalowaomba wasomaji wetu walio katika ofisi za ukaguzi ni jambo dogo. Inapoletwa mezani karatasi ya ukaguzi wa bwawa, bembea, kivuko au jengo la shule, wasiishie kutazama kama imejazwa. Watazame jina la aliyeijaza, kisha waulize mshahara wake unatoka wapi. Na mwalimu anayepanga safari ya wanafunzi anaweza kuuliza swali hilohilo langoni, kabla ya kununua tiketi: mtelezo huu ulikaguliwa lini, na aliyeukagua alitoka ofisi gani? Mwenye bustani aliye mwaminifu ataonyesha cheti bila kukasirika. Mwanzilishi wa fani yenyewe alikuwa na waokoaji waliosimama kando ya maji siku nzima wakimwangalia kila mwogeleaji, na hakuna mwogeleaji aliyeona kwamba ametukanwa.

Huko Marekani kwenyewe mwanasiasa Edward Markey wa Massachusetts alipeleka bungeni, mara baada ya mara, mswada wa kuirudishia tume ya taifa mamlaka iliyonyang'anywa mwaka 1981. Alianza kufanya hivyo miaka mingi kabla ya Verrückt kujengwa. Wenye bustani waliupinga, na mswada haukupita.